Kura za Bibi na Maji ya Ukuta

Jumatatu, 1 Septemba

Mvua. Mwalimu Åkerblom ametupa kazi ya muhula mzima. Kila mmoja achague mtu aliyewahi kuwa mbunge, asome kura zake zote, kisha aandike alikuwa mtunga sheria wa namna gani.

"Sitaki hotuba," alisema. "Hotuba ni nguo ya kwendea arusini. Someni kura."

Hapa Kvarnsele kuna mtu mmoja tu aliyewahi kukaa bungeni Stockholm, tena miaka kumi na sita, naye yuko jikoni anakaanga chapati za viazi. Ni Bibi yangu, Gunvor Brännlund. Naishi naye kwa sababu Mama ni muuguzi upande wa Norwe na huja nyumbani kila baada ya wiki mbili.

Nilipomwambia Bibi kwamba nimemchagua yeye, hakugeuka. "Kura elfu ngapi zile? Utazeeka kabla yangu, mjukuu wangu."

Sijamwambia mtu, lakini mimi pia nataka kuwa mbunge. Naliandika hapa ili liwe limeandikwa.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua.

Jumamosi, 6 Septemba

Mwalimu anasema shajara iandikwe kana kwamba itaokotwa na mtu baada ya miaka mia. Basi wewe wa miaka mia, ujue hivi. Juu ya kijiji chetu kuna Ukuta. Ni boma la mchanga na mawe linalozuia bwawa la taka za mgodi. Mgodi ulifungwa kabla sijazaliwa, kampuni ikafilisika, taka zikabaki: tope la kijivu, laini kama unga. Nyumba ishirini na sita, yetu ikiwamo, ziko kati ya Ukuta na mto.

Maji kidogo hupenya chini ya Ukuta siku zote. Yakiwa maangavu, hakuna neno. Kwa hiyo kila Jumamosi Bibi, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya kijiji, huenda na chupa ya jemu, huchota, na huiweka dirishani mwa duka la Marit. Watu wakija kununua mkate huitupia jicho, huendelea na maisha yao.

Leo mzee Ansgar Lidström, jirani yetu wa mwisho kabla ya daraja, aliinua chupa juu ya taa. "Mheshimiwa, haya ni maji au umetuletea pombe kali?"

"Ingekuwa pombe, Ansgar, isingefika hapa ikipita mlangoni kwako."

Duka zima lilicheka. Maji yalikuwa maangavu kabisa.

Jumanne, 16 Septemba

Nimefika mwaka wa sita wa kura za Bibi. Alipinga kufungwa kwa wodi ya wazazi mjini. Aliunga mkono barabara yetu mara nne na mara nne akashindwa. Ninapoona jina lake na neno "ndiyo" kando yake, natamani kila mtu darasani angekuwa na Bibi kama huyu.

Nimegundua pia jambo la kuchekesha. Mara mbili alibonyeza kitufe kibaya. Bungeni mtu akikosea hivyo, kura haibadiliki, lakini huandikiwa maelezo katika kumbukumbu za siku ile kwamba alikusudia vingine. Nilimsomea wakati wa kahawa.

"Mara ya kwanza nilikuwa na mafua," alisema. "Mara ya pili nilikuwa namsikiliza Nyhlén ananong'ona utani nyuma yangu. Mtu wa upande wa pili yule, lakini utani wake!"

Bibi bado hupika kahawa ya sufuria kama zamani. Huitoa motoni, huiacha itulie mpaka machicha yashuke chini, kisha humimina taratibu bila kutikisa. Haruhusu mtu mwingine kumimina.

Ijumaa, 26 Septemba

Mvua siku ya kumi na moja mfululizo. Maji yameingia chumba cha chini. Tumehamisha viazi.

Jumamosi, 4 Oktoba

Bibi alikwenda kuchota maji jana badala ya leo. Alisema magoti yanamuuma na leo kungekuwa na baridi. Chupa iko dirishani mwa Marit. Maangavu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimelipata. Nilijua lipo, kwa sababu kila mtu hapa hulisema: Bibi aliupigania Ukuta bungeni. Lilikuwa pendekezo kwamba serikali ichukue na kuimarisha kuta za migodi iliyotelekezwa, na Ukuta wetu ulitajwa kwa jina, wa pili katika orodha. Kura ilipigwa mwezi wa Machi, miaka kumi na moja iliyopita. Waliounga mkono 146. Waliopinga 147.

Nikashuka kwenye herufi B.

Brännlund, Gunvor: hayupo.

Nilifunga kompyuta nikaifungua tena, kana kwamba ni mlango na mtu angekuwa amerudi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimelala usingizi wa sungura, lakini leo nimepumua. Nilimwonyesha Mwalimu Åkerblom baada ya kipindi. Alisema nisihukumu haraka, kwa sababu bungeni kwetu kuna desturi ya kufutana. Mbunge wa upande mmoja akiwa mgonjwa, upande wa pili humtoa mtu wake mmoja kwa hiari, ili ugonjwa usiamue sheria za nchi. Ni ahadi ya mdomo tu. Orodha haisemi nani kafutana na nani. Wote wawili huandikwa hawapo.

"Ni moja ya mambo ya heshima tuliyonayo," alisema. "Huenda Bibi yako alilipa gharama ya heshima hiyo."

Nilirudi mbio kwenye mvua. Bibi alikuwa anamenya viazi.

"Bibi, ile kura ya Ukuta. Ulifutana na mtu?"

Kisu kilisimama. "Ndiyo. Na Nyhlén. Mawe ya figo yalimshika."

"Kwa nini hukuwahi kutuambia?"

"Mtu hajisifu kwa neno aliloahidi, Tyra. Lete sufuria."

Nimeandika ukurasa mzuri sana wa kazi yangu. Kichwa chake: Heshima.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mvua. Chupa: maangavu. Niliiona Alhamisi jioni nyumbani, kwenye ngazi za nyuma, imefunikwa kitambaa. Kwa hiyo sasa anachota siku mbili kabla.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilitaka tu kuongeza jina la Nyhlén ili ukurasa wangu ukamilike. Nikaenda kwenye herufi N.

Nyhlén, Torvald: alikuwepo. Alipinga.

Nimesoma mstari huo mara nyingi. Hakuna maelezo kando yake.

Jumanne, 14 Oktoba

Sijasema kitu. Bibi amenifumia soksi. Nilizivaa, nikasema asante, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine.

Jumatano, 15 Oktoba

Kila pendekezo huwa na viambatisho. Kiambatisho cha pili ni ripoti ya wahandisi juu ya kuta kumi na nne. Inasema Ukuta wetu una bomba la zamani la mbao ndani yake, na likioza, maji yatakula mchanga kutoka ndani wakati nje kila kitu kinaonekana kizima. Nainakili sentensi moja: "Maji ya chini yakibadilika kutoka maangavu kuwa ya kijivu, ukuta unajibeba wenyewe nje, punje kwa punje, na wakazi wa chini wahamishwe bila kungoja."

Nyuma kuna orodha ya wabunge waliopewa ripoti hiyo mkononi wiki mbili kabla ya kura. Bibi alitia sahihi. Herufi G yake ina mkia mrefu, ileile anayoiandika kwenye kadi zangu za siku ya kuzaliwa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua, na upepo. Ansgar alimpigia kelele Bibi kutoka ng'ambo ya ua: "Mheshimiwa! Mbwa wangu hataki tena kunywa kwenye mfereji! Umemtungia sheria?"

"Mbwa wako ana akili kuliko mwenyewe," Bibi alimjibu. Lakini hakucheka, akaingia ndani, akafunga mlango kwa ufunguo. Hapa hakuna afungaye mlango kwa ufunguo mchana.

Jumapili, 19 Oktoba

Nitaandika yote kwa utaratibu, hata mkono ukichoka.

Baada ya chakula cha asubuhi nilisema nakwenda kuchuma beri za mwisho. Nilichukua chupa tupu ya jemu, nikapanda njia ya mgodi. Mvua ilikuwa nyepesi. Pale chini ya Ukuta, ambapo nilipokuwa mdogo palikuwa na mfereji mwembamba niliouruka kwa mguu mmoja, sasa pana mkondo mpana kama mlango wa ghala. Hauna kelele kubwa. Unatoa sauti kama ya mtu anayepepeta nafaka mahali usipomwona.

Maji yake ni ya kijivu kama maziwa yaliyomwagiwa majivu.

Nilijaza chupa. Niliporudi Bibi alikuwa mezani na kahawa yake. Niliiweka mbele yake. Hakuuliza ni nini. Aliitazama, nami nikaitazama, na mbele ya macho yetu tope likaanza kushuka taratibu, na maji ya juu yakabaki maangavu.

Hapo nikaelewa ngazi za nyuma na kitambaa.

"Unayaacha yatulie," nilisema. "Kama kahawa. Unayaacha siku mbili, unamimina ya juu, unawapelekea."

"Tope hushuka. Maji ya juu ni maji yaleyale, sikuongeza kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya mwisho ya Septemba."

"Bibi!"

"Nimeandika mkoani. Wamesema mhandisi atakuja Novemba. Unataka niwatoe wazee kwenye nyumba zao kwa sababu ya chupa ya jemu?"

"Ripoti inasema wahamishwe bila kungoja. Umeisoma. Umeitia sahihi." Kisha nikasema lile ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Jumatatu. "Na Nyhlén alikuwepo. Hakuwa na mawe ya figo. Alipinga. Nimeona."

Sijawahi kumwona Bibi akizeeka. Leo nimemwona, kwa dakika moja.

Alianza kusema akiitazama chupa, si mimi. Mwaka ule kampuni nyingine ilikuwa imekuja na kuahidi kuufungua mgodi tena, kazi mia mbili, ila iwapo tu sheria ile haitapita, kwa kuwa ingewabana. Nusu ya bonde walitaka kazi. Nusu walitaka Ukuta ujengwe upya. Yeye aliwaahidi nusu zote mbili, kila moja kwenye ukumbi wake, kahawa mkononi.

"Kengele ya kura hulia dakika kadhaa," alisema. "Nilikuwa chumba cha chai, nyuma ya ukumbi. Nilikuwa namenya chungwa. Nikaendelea kumenya mpaka kengele iliponyamaza. Nilikiambia chama kwamba naumwa. Huku nyumbani kila nusu ilidhani nimewapigania wao, wala sikuwasahihisha. Na ile kampuni haikuja hata kupima ardhi."

"Kura moja, Bibi. Ilikosekana kura moja."

"Ingekuwa sare tu! Sare huamuliwa kwa kuchota kikaratasi chomboni. Ingekuwa bahati nasibu!"

"Basi ungetuletea hiyo bahati. Nusu ya nafasi ni kubwa kuliko chungwa."

Aliinuka, akasimama dirishani na mgongo wake kwangu. "Nikisema leo kwamba Ukuta ni mbovu, watauliza ni nani aliyeuacha uwe mbovu. Ndiyo maana. Sasa umejua. Aliyebonyeza kitufe kibaya huandikiwa maelezo, Tyra. Asiyekuwepo hana la kuandikiwa."

Nilimwambia nampa mpaka kesho. Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumwambia hivyo mtu aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Saa mbili asubuhi Bibi alikuwa bado hajatoka chumbani. Nilichukua chupa yangu, nikaenda dukani kwa Marit. Niliiweka dirishani kando ya chupa ya Bibi, nikaitikisa.

Marit alikuwa anapanga mikate. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Palepale."

"Na ya Gunvor?"

"Palepale. Ila ya kwake imetulia."

Marit alifuta mikono, akaichukua chupa ya Bibi na kuigeuza juu chini. Chini kabisa palikuwa na mstari mwembamba wa kijivu, kama uchafu wa kucha. Alipiga simu mkoani. Waliahidi mtu kesho kutwa na hawakutoa amri yoyote. Kwa hiyo uamuzi ni wetu wenyewe. Kesho saa kumi jioni kuna mkutano ukumbini.

Niliporudi Bibi alikuwa amevaa lile koti lake la bungeni, la buluu. "Nimepigiwa simu," alisema. "Umefanya haraka."

"Nilikwambia mpaka leo."

"Ndiyo. Ulisema." Akaongeza, "Kula kitu."

Jumanne, 21 Oktoba

Ukumbi ulijaa mpaka mvuke ukafunika vioo. Bibi alikaa mezani na nyundo yake ya mwenyekiti. Kwa kawaida husoma pendekezo, watu hunung'unika ndiyo, hupiga nyundo, kwisha. Mara chache sana mtu huhesabu mikono.

Leo alisimama kwanza. Alieleza chupa. Alieleza Machi ile, kengele, chungwa, na nusu mbili za bonde. Hakuacha kitu, hata Nyhlén na mawe yake ya figo. Mvua ilisikika juu ya bati muda wote.

Mama mmoja nyuma alisema, "Wanangu wamelala pale chini wiki nne, Gunvor." Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Najua, Rakel," alisema Bibi. "Ndiyo maana sitaki nyundo leo. Nataka kura kwa majina, kila mtu aseme na iandikwe. Pendekezo: nyumba zote za chini zihamie shuleni mlimani kesho kabla ya saa saba mchana."

Mwalimu Åkerblom alisoma majina. La Bibi lilikuwa la tatu.

"Ndiyo," alisema, akiitazama ile karatasi mpaka kalamu ilipomaliza.

Waliokubali hamsini na nane. Aliyekataa mmoja.

"Mheshimiwa," alisema Ansgar, akivaa kofia yake, "miaka yote hiyo nilikupigia kura. Leo ndiyo siku ya kwanza nimejua unavyopiga zako. Mimi nimezaliwa pale darajani. Sihami kwa neno lako."

Hakuna aliyecheka.

Jumatano, 22 Oktoba

Naandika kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule, juu ya godoro la sarakasi. Watu wanalia, watoto wanacheza mpira. Nitaandika upesi.

Mabasi mawili yalitubeba tangu asubuhi. Mama amekwama Norwe, barabara imefungwa. Saa saba Bibi alihesabu nyumba zote, akasema imebaki moja, akachukua ufunguo wa gari.

"Bibi, ameshakataa."

"Amekataa neno langu. Hajakataa gari langu."

Saa nane na robo tulisikia. Haikuwa kishindo. Ilikuwa pumzi, ndefu, kama mlima umeshusha mzigo, na madirisha yote ya ukumbi yakatetemeka pamoja. Kutoka mlimani tuliona kijivu kikija kati ya miti, polepole kwa macho, lakini miti ilikuwa inalala. Kilimeza nyumba ya Rakel. Kilimeza duka la Marit. Nyumba yetu ya manjano ilisimama kidogo, kisha ikageuka kama mtu aliyeitwa jina. Daraja halipo.

Mwalimu Åkerblom alipanda benchi akasoma majina kutoka orodha ileile ya jana. Kila mtu aliitikia. Rakel aliitikia mara tano, yake na ya watoto.

"Brännlund, Gunvor."

Mpira wa watoto ulidunda, ukanyamaza.

"Brännlund, Gunvor."

Nilikwenda mpaka kwenye benchi. "Usiandike, Mwalimu."

"Tyra, waokoaji wanataka orodha. Lazima niandike kitu."

"Acha wazi. Tafadhali. Usiandike lile neno."

Alinitazama, akaacha wazi. Kwenye L, kwa Ansgar Lidström, akaacha wazi pia.

Sasa ni jioni. Mvua imekatika, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Nje hakuna sauti yoyote, hata ya mto.

Alhamisi, 23 Oktoba

Walikuja asubuhi kwa miguu, kutoka upande wa msitu. Gari waliliacha kwenye njia ya magogo pale tope lilipowakatia njia mbele na nyuma. Walipanda kilima, wakalala kwenye kibanda cha wawindaji, kisha wakazunguka kilomita kumi na moja. Mbwa alikuwa mbele. Ansgar alikuwa ameegemea bega la Bibi, na lile koti la buluu lilikuwa la kijivu mpaka kolani.

"Alikaa sebuleni kwangu," Ansgar aliwaambia watu, bila kumtazama Bibi. "Nikamfukuza, hatoki. Akasema tutakufa wawili au tutatoka wawili, nichague. Ndipo nikavaa viatu." Akaenda kukaa upande wa pili wa ukumbi. Hakumwita Mheshimiwa. Hakumwita chochote.

Hakuna aliyekuja kumkumbatia Bibi. Rakel alimpa kikombe cha kahawa, akarudi kwa watoto wake. Nilimvua buti zake za mpira. Alipoinama kunisaidia, kahawa ilimwagika, machicha na yote.

"Mliniandika nini?" aliuliza.

Nilileta orodha. Alitazama nafasi tupu kando ya jina lake.

"Ulimwomba aache wazi?"

"Ndiyo."

"Haya. Lete kalamu, jaza."

Niliandika: yupo. Niliandika na ya Ansgar.

"Na ile kazi yako ya shule," alisema, "kompyuta imezama?"

"Nakala iko shuleni. Bibi, ule ukurasa wa Heshima nitaufuta. Na pale kwenye Machi naweza kuandika maelezo kando, kwamba baadaye wewe..."

"Hapana." Aliinua kidole, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo na kisu kiko karibu. "Ile ya Machi usiiguse. Usiiandikie maelezo. Iache kama ilivyo, na jina langu lote, wasome."

Jumatatu, 17 Novemba

Theluji ya kwanza, juu ya kijivu. Mama amepanga vyumba viwili mjini na Bibi analala sebuleni. Wiki ijayo ataitwa kuhojiwa na tume inayochunguza Ukuta. Ameshapiga pasi lile koti, lakini doa la kolani halitoki.

Leo nimekabidhi kazi yangu. Ina kurasa thelathini na moja. Ukurasa wa kumi na tisa, ule wa Machi, una mstari mmoja tu.